Jezi Namba Tisa Kwenye Kamba

Kwa miaka ishirini na miwili mtu aliyefua jezi za klabu alikuwa mmoja tu, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kupoteza hata soksi. Watu walimwita Mama Jezi. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko umbo lake, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji siku zote, hata Jumapili. Mpira wenyewe hakuupenda. Tusidanganyane: kwake yeye dakika tisini zilikuwa jezi chafu, kaptula chafu na majani yaliyoganda magotini, hasa ya yule beki wa kushoto, ambaye alijitupa chini kila mara kana kwamba sabuni inaokotwa barabarani.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya uwanja wa mazoezi. Ndani mlikuwa na masinki mawili ya saruji, mashine moja iliyofanya kazi siku ikijisikia, meza ya pasi, na kabati la chuma la kuhifadhia jezi. Nje palikuwa na kamba nne ndefu za kuanikia. Baada ya kamba ukaja ua wa seng'enge, baada ya ua barabara, na ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na kamba zile, palikuwa na karakana ya baiskeli. Mwenye karakana alikuwa mumewe. Watu walimwita Fundi, na yeye aliitika.

Kwa hiyo mtu na mkewe walifanya kazi huku wakionana siku nzima. Saa nne asubuhi, maji ya chai yakichemka, Fundi aligonga kengele ya baiskeli yoyote iliyokuwa mikononi mwake, mara mbili, na Mama Jezi akafuta mikono kwenye aproni, akavuka. Hawakuhitaji simu kwa jambo hilo.

Sasa, Mama Jezi alikuwa na utaratibu wake. Alianika kwa namba. Moja ilikaa mwanzo wa kamba ya kwanza, kisha mbili, kisha tatu, mpaka thelathini. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na katibu wa zamani, ili kuhesabu kuwe rahisi na jezi ikipotea ijulikane mara moja. Tena alizianika kichwa chini, akizibana kwa pindo, ili mabega yasivutike. Mpita njia asiyejua angeweza kuitazama sita akadhani ni tisa. Lakini watu wa benchi hawakuwa wapita njia.

Benchi lenyewe lilikuwa nje ya karakana ya Fundi, ubao mrefu juu ya matofali, na lilijaa tangu asubuhi. Mkuu wao alikuwa Kinyozi, mwenye kibanda cha pili kutoka karakana, mtu aliyeweza kumwacha mteja na nusu ya ndevu ili aje kubishana kuhusu kona ya mwaka juzi. Wa pili wake alikuwa Mwalimu Mstaafu, ambaye hakuwahi kupaza sauti na hakuwahi kukubali kushindwa. Hawa, na wengine wa kuja na kuondoka, waliisoma kamba ya Mama Jezi kama gazeti. Wakiona nne haipo, walijua beki wa kati hakufanya mazoezi. Wakiona ishirini na moja imeanikwa mara mbili kwa siku moja, walijua kijana anaandaliwa kuanza. Na mara nyingi walipatia! Hata mtangazaji wa michezo wa redio alikuwa na kawaida ya kumpigia Kinyozi simu kabla ya taarifa ya saa saba.

Mama Jezi mwenyewe hakusema neno. Siku ya kwanza ya kazi, yule katibu wa zamani alimwambia, "Bibie, kinachoingia chumba hiki kinatoka kikiwa safi na kikiwa kimya." Akalishika neno hilo. Kila jioni, tangu wakati huo, Fundi alimuuliza swali moja akivua viatu mlangoni.

"Kuna nini huko?"

"Kuna sabuni," alijibu mkewe.

Ndiyo hivyo, miaka ishirini na miwili. Na benchini hawakumwacha Fundi apumue. "Huyu bwana analala kitanda kimoja na siri zote za klabu," Kinyozi alisema, "na habari anazipata kwangu!" Fundi alicheka nao. Alicheka kwa mdomo, lakini usiku wakati mwingine alimgeukia mkewe akaanza kusema kitu, kisha akaacha.

Mwaka huo mshambuliaji wao, namba tisa, aliondoka. Katibu mpya, kijana nadhifu aliyevaa suti hata kwenye joto, akasimama mbele ya wanachama akasema tisa imeshapata mwenyewe. Anakuja mshambuliaji kutoka nchi jirani, yule ambaye mashabiki walikuwa wakimwita Nyundo kwa jinsi alivyopiga vichwa. Atasaini wiki hii. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Wiki hii, wapi! Wiki hii ikazaa wiki ijayo. Mara klabu yake haijaridhika na ada. Mara wakala wake yuko safarini. Mara karatasi moja haina muhuri. Siku moja picha ilizunguka kwenye simu ikimwonyesha Nyundo ana skafu ya timu pinzani shingoni, na benchi zima likashika tama mpaka ilipojulikana ni mtandio wa dada yake, tena picha ya zamani. Mwalimu Mstaafu alikusanya matangazo yote ya katibu, akayapigia mistari kwa wino mwekundu kila palipoandikwa "mazungumzo yako katika hatua nzuri", akahesabu mara kumi na moja, akayarudisha ofisini yamesahihishwa kama insha. Chini aliandika: Anarudiarudia. Ajitahidi zaidi.

"Tumepigwa kalenda mpaka basi," Kinyozi alisema. "Mtu akikwambia hataki, unajua moja. Hawa hawasemi hataki, hawasemi anakuja. Wanatupiga danadana tu!"

Roho zilikuwa juu, na zikakaa juu wiki sita. Kinyozi alimkata mteja sikio, kidogo tu, lakini damu ni damu. Fundi alifunga breki ya mbele ya baiskeli moja kwenye gurudumu la nyuma na kumkabidhi mwenyewe kwa tabasamu. Jioni moja hakuuliza kama kawaida. Alikaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi.

"Niambie tu kama anakuja," alisema. "Sitaki siku. Sitaki saa. Tikisa kichwa tu, mke wangu."

"Kuna sabuni, baba watoto."

Fundi akalala akiutazama ukuta. Na ukweli ni kwamba mkewe hakuwa na cha kuficha safari hii. Hakujua lolote. Jezi namba tisa ilikuwa kabatini, imekunjwa, na hakuna aliyekuwa ameiulizia.

Mvua za wiki hiyo ndizo zilizoharibu mambo. Paa la chumba cha kufulia lilivuja juu ya kabati, na Jumanne asubuhi Mama Jezi alipolifungua, harufu ilimpiga usoni. Ukungu! Jezi ya tisa, iliyokuwa juu kabisa, ilikuwa na madoa meusi begani na karibu na namba, kwenye kitambaa cha njano ambacho hakifichi kitu. Hakumwaza Nyundo, wala wakala, wala mashabiki. Aliwaza limau na chumvi. Akailoweka, akaisugua kwa brashi laini, akaisuuza mara tatu, akaitoa nje pamoja na jezi za mazoezi ya jana.

Mkono wake ndio ulioianika. Kwa wiki sita alikuwa akiruka nafasi ile kati ya nane na kumi, akiiacha wazi bila kufikiri, na sasa mkono ulipokuwa na tisa ukaiweka pale pale panapokaa tisa. Vibanio viwili, basi. Akarudi ndani kupambana na mashine, ambayo siku hiyo haikuwa ikijisikia.

Haikupita saa moja alisikia honi. Kisha filimbi. Kisha mtu anapiga sufuria. Alitoka akamkuta mlinzi wa geti anacheza peke yake.

"Kuna harusi?" aliuliza.

"Harusi gani! Nyundo amesaini, Mama Jezi! Redio imesema!"

Mama Jezi akafurahi. Akafurahi kweli, kwa ajili ya mumewe, na kwa ajili ya masikio yake mwenyewe. Angalau sasa watu watalala. Jioni alirudi nyumbani akamkuta Fundi ameshafika, ameshaoga, anaimba. Alimpokea kikapu. Alimvutia kiti. Hakumtazama machoni, na hakuuliza kuna nini huko. Mama Jezi aliligundua hilo alipokuwa anakata mkate, akasema moyoni furaha imempanda kichwani, akaendelea kukata.

Jumatano asubuhi aliitwa ofisini. Katibu alikuwa amesimama, tai imelegea, simu tatu mezani zote zikilia.

"Mama, unajua umefanya nini?"

"Sijui, mwanangu. Niambie."

"Nyundo hajasaini! Alikuwa asaini jana jioni. Kalamu ilikuwa hapa. Klabu yake wakasikia mji mzima unapiga honi, wakanipigia wakasema, kama mmeshasherehekea basi hamwezi kurudi nyuma, ongezeni ada. Wakala amezima simu. Dirisha la usajili linafungwa Jumatatu!" Akaketi. "Kwa nini uliianika ile jezi?"

Mama Jezi akaeleza: mvua, paa, kabati, ukungu, limau. Katibu alimsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukalegea kidogo.

"Ukungu nakubali," alisema. "Jezi kwenye kamba ni jezi kwenye kamba, watu wangebishana nayo mpaka jioni. Kilichotuua si jezi. Mumeo alisimama mbele ya benchi zima akasema, 'Mke wangu ameniambia. Keshasaini.' Redio wakalichukua hivyo hivyo. Chanzo cha ndani kabisa, wamesema."

"Nani kasema?"

"Mumeo. Fundi. Kwa hiyo mama, ulimwambia au hukumwambia?"

"Sikumwambia. Mimi mwenyewe sikujua."

"Basi mumeo ni mwongo?"

Miaka ishirini na miwili hakuna aliyemshika Mama Jezi kwa neno, na sasa njia ya kujiokoa ilikuwa moja, nayo ilipita juu ya mgongo wa mumewe. Akajikaza kisabuni.

"Sina jibu la hilo leo."

"Kamati inakaa Ijumaa," katibu alisema, na hakusema kwa ubaya. "Utajibu huko. Kama siri ilitoka kwako, kazi hiyo imekwisha, mama, hata ningependa vipi. Niachie funguo."

Funguo zilikuwa tatu, kwenye uzi aliouvaa kiunoni: mlango, kabati, stoo ya sabuni. Uzi ulikuwa umekaza fundo, ikabidi katibu aukate kwa mkasi.

Alivuka barabara. Redio ilikuwa imeshakanusha, na benchi lilikuwa limechafuka kama mzinga wa nyuki. "Huyo anakuja!" mtu mmoja alisema. "Mama, umetuchezea akili!" Kinyozi alimpisha njia tu, na hiyo ilimuuma zaidi. Ndani ya karakana Fundi alikuwa anapiga pampu gurudumu lililokwisha kujaa. Mama Jezi akakaa juu ya kreti.

"Ulisema nilikuambia."

Pampu ikaendelea.

"Nilikuambia lini? Kabla ya chai au baada ya chai?"

Pampu ikasimama. "Wote walinigeukia," Fundi alisema bila kumtazama. "Kinyozi akasema ni sita. Mwalimu akasema sita ile pale kando ya tano, hii iko kati ya nane na kumi, hii ni tisa. Kisha wakanyamaza, wote, wakanitazama mimi. Miaka yote hii wananicheka, na jana wakanitazama mimi."

"Ukawadanganya."

"Sikujua kama nadanganya!" Sasa alimtazama. Alikuwa na grisi kwenye paji la uso. "Niliiona umeianika pale, mbele yangu, pale ninapokaa. Nikasema, basi, amechoka kunificha. Hawezi kusema kwa mdomo, ameniambia kwa kamba. Nilidhani unaniambia mimi, mke wangu. Ndiyo nikasema umeniambia."

Mama Jezi alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa, makali, yenye chumvi. Yalimtoka kichwani. Hasira ilibaki, lakini ilibaki imekaa pembeni na kitu kingine, huruma labda, na kwa mtu aliyekasirika huruma ni kero tupu.

"Nilikuwa nakausha ukungu," alisema.

"Nimejua sasa."

"Wamechukua funguo."

Fundi akaangalia kiuno chake, pale uzi ulipokuwa siku zote. Hakuwa amejua. Akaiweka pampu chini polepole.

"Ijumaa wataniuliza mbele ya kamati kama mume wangu ni mwongo," Mama Jezi alisema. "Nikisema ndiyo, narudi kufua. Nikisema hapana, nakaa nyumbani. Sijui nitasema nini." Akainuka, akaenda zake. Hakumwambia la kufanya. Mtu mzima haambiwi.

Siku mbili zilizofuata alifua kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba. Alifua mashuka, akafua mapazia, akafua na mapazia ambayo hayakuwa yametundikwa. Jirani aliyeuliza kama kuna wageni wanakuja alijibiwa hapana. Fundi alitoka alfajiri, akarudi jioni, akala, akalala. Alhamisi alirudi mapema kuliko kawaida, macho mekundu, akalala na shati. Mama Jezi alimvua viatu akavipanga mlangoni, kwa sababu viatu havina kosa.

Ijumaa alivaa gauni lake la kwenda kwa watu. Kamati ilikuwa watu watano kwenye meza ndefu, na katibu katikati. Walimpa kiti. Walimsifu kwanza, na Mama Jezi akajua hapo mambo ni mabaya, maana hakuna aliyewahi kumsifu kwa miaka ishirini na miwili. Kisha katibu akauliza, taratibu kabisa, swali lile lile.

"Ulimwambia au hukumwambia?"

Kusema kweli, mpaka hapo alikuwa hajaamua. Na mlango ukafunguliwa bila hodi.

Fundi alikuwa na ovaroli ya kazini, grisi mpaka viwikoni, kofia mkononi. "Samahanini," alisema. "Hakuniambia. Hajawahi kuniambia kitu tangu aanze kazi hapa, na mimi ndiye shahidi, maana nimeuliza kila siku. Niliona jezi, nikatunga maneno. Mwongo ni mimi. Msimtoe yeye neno hilo kinywani, mimi nimeshalisema."

Mjumbe mmoja mzee alikohoa. Katibu akaegemea mbele. "Fundi, uongo wako uliusema mbele ya watu wengi. Hapa tuko watano."

"Niliwaambia jana. Nilianza nao. Wako nje."

"Ametuambia!" ilikuja sauti ya Kinyozi kutoka dirishani. "Na tumemtukana vya kutosha, hilo msiwe na wasiwasi!"

"Nathibitisha," ilisema sauti ya upole ya Mwalimu Mstaafu. "Matusi yalikuwa mengi na yalipangika vizuri."

Mmoja wa wajumbe alicheka akajifanya anapiga chafya. Mama Jezi hakucheka. Alimtazama mumewe, jinsi alivyosimama akiikunja kofia, mtu aliyekuwa amepata siku moja tu ya kuheshimiwa na benchi na amekwenda kuirudisha mwenyewe. Katibu alinong'ona na wenzake. Kisha akatoa funguo kwenye droo, akazisukuma mezani.

"Rudi kazini, mama. Lakini kamba zile hazitaonekana tena barabarani. Kesho tunaweka mabati uani, urefu wote."

Nje, benchi lilipokea habari ya mabati kwa hasira zaidi kuliko lilivyopokea uongo. Mabati! Sasa watajuaje nani mgonjwa? Huku ni kufunga gazeti! Mama Jezi na Fundi waliwaacha hapo wanapiga kelele, wakatembea kuelekea nyumbani.

"Bado nimekasirika," alisema Mama Jezi.

"Najua."

"Sana."

"Najua, mke wangu."

Jumamosi mafundi walikuja na mabati, misumari na makelele, na kufikia saa tatu ua ulikuwa umezibwa. Mama Jezi alianika moja, akaanika mbili, akainua macho kutazama ng'ambo kama alivyozoea, akaona bati. Hakuwa amelifikiria hilo. Kwa miaka yote aliweza kujua mumewe amekaa au ameinama, amepata mteja au anapiga soga, na leo angeweza kuwa nchi nyingine. Saa nne kengele ilisikika mara mbili, hafifu, upande wa pili. Siku hiyo hakuvuka. Alikunywa maji ya bombani akaendelea na soksi.

Jumatatu, siku ya dirisha kufungwa, katibu aliingia chumba cha kufulia mwenyewe. Hakuwa amewahi kuingia humo. Alikanyaga povu akaruka.

"Ile tisa iko wapi?"

"Kabatini. Imekauka."

"Wakala alipiga jana. Amechoka na yeye, nadhani." Alionekana hajalala siku tatu. "Ipige pasi, mama. Atapigwa nayo picha saa tisa alasiri. Mpaka hapo hujaniona."

"Mimi huwa simwoni mtu," alisema Mama Jezi.

Akaipiga pasi kwa ndani, ili namba isiungue. Ilinukia limau bado. Na hapo ndipo alipotambua kwamba safari hii anajua kweli. Yeye na katibu, na Nyundo mwenyewe; mji mzima ni hao tu. Saa nne kengele ikagonga mara mbili, na miguu ikavuka kabla hajaamua.

Benchini palikuwa msiba. "Basi tena," Kinyozi alikuwa anasema, wembe mkononi na hakuna mteja. "Imekula kwetu. Zimebaki saa chache, na hakuna hata tangazo la hatua nzuri." Mwalimu Mstaafu alikuwa amekunja mikono juu ya kalamu yake nyekundu. Walimsalimu Mama Jezi kwa heshima, na hakuna aliyemuuliza kitu, lakini macho yao yalimfuata mpaka ndani.

Fundi alimimina chai. Alikuwa amekonda uso kwa siku zile chache. Mama Jezi aliketi kwenye kreti akamtazama, na jambo lenyewe likampanda mpaka ncha ya ulimi. Anakuja. Neno moja tu. Angeweza hata kutikisa kichwa, kama alivyoombwa. Aliona midomo ya mumewe ikifunguka, akajua linakuja lile swali, akasubiri, na hakuwa na uhakika hata kidogo wa atakachojibu.

"Sukari inatosha?" Fundi aliuliza.

"Inatosha."

Fundi akasogeza kigoda chake, akakaa kati ya mkewe na mlango, mgongo kwa wanaume, hivi kwamba wasiweze kuuona uso wake Mama Jezi. Wakanywa chai yao. Walizungumza habari ya paa, kwamba lizibwe kabla mvua hazijarudi. Mama Jezi akamaliza kikombe, akarudi kazini.

Alasiri alikuwa anaanika soksi honi zilipoanza. Safari hii hazikuacha. Redio zilipandishwa sauti nyumba hadi nyumba, watu wakatoka mbio, na nyuma ya mabati Mama Jezi alisikia benchi likipinduka kwa shangwe. Jezi namba tisa imepigwa picha, na mtu yumo ndani yake! Kisha, katikati ya kelele, akaitambua sauti ya Kinyozi.

"Fundi! Mkeo alikuwa hapa saa nne! Alikaa hapa, akanywa chai hapa! Lazima alijua huyu. Na wewe ulijua, sema kweli. Ulijua?"

Kelele zikapungua. Benchi zima lilikuwa linangoja. Mama Jezi alisimama na kibanio mkononi, akitazama bati.

"Sikujua," alisema Fundi. "Mke wangu hakuniambia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!" Alilisema kwa sauti kubwa, ya majivuno kabisa, ili lifike ng'ambo ya barabara.

Kisha kengele ya baiskeli ikagonga, mara mbili. Ilikuwa saa kumi, si saa ya chai. Mama Jezi alibana soksi ya mwisho, akafuta mikono kwenye aproni, akavuka.